Kuhusu Sufuria ya Bibi na Moyo wa Shukuru

Chanika,
Handeni.
5 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Hajira,

Shikamoo. Habari za Ujerumani, na habari za kazi? Mwanao Iddy mkono wake umeunga? Mwambie binamu yake anamuulizia, na kwamba huku watu hupanda miti bila kuvunjika. Sisi tupo, tunapumua. Kifua cha Baba kimetulia. Mama anakwenda shamba ingawa hakuna cha kufuata kule, maana mvua ilikata mapema na mahindi yalikauka kabla ya kubeba. Bibi, mama yako, ni mzima wa mwili. Habari zake nyingine ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Simu ya Baba unaijua, ikipigwa huwekwa spika na nyumba nzima inasogea. Jambo hili halifai kusikiwa na nyumba nzima. Nikimaliza nitampelekea Angel, rafiki yangu wa steshenari ya sokoni, aipige picha akutumie leo hii. Nimemwomba asisome, naye ameapa.

Shangazi, unakumbuka ulipokuja mwaka juzi, tukiwa tunapukuchua mahindi, Baba Mdogo Mbaruku akakuuliza hasa unafanya kazi gani? Ulituambia kwamba kila seli ya mwili ina ngozi, na kwenye ngozi hiyo kuna milango midogo isiyoonekana hata kwa darubini, inayofunguka na kujifunga ili chumvi ziingie na kutoka. Ukasema unanasa kipande cha ngozi hiyo kwenye ncha ya kioo chembamba kuliko unywele, halafu unatazama mstari kwenye kompyuta ukipanda mlango ukifunguka na kushuka mlango ukijifunga. Baba Mdogo akacheka mpaka akaangusha gunzi. "Yaani Wajerumani wanakulipa mshahara utazame mlango? Mbona zizi langu lina mlango na mbuzi wanautazama bure?" Bibi akamjibu, "Mwache mwanangu. Kila nyumba kubwa ina bawabu." Tangu siku hiyo akawa anakuita Bawabu mbele ya wageni, kwa fahari kabisa.

Mimi sikucheka. Nilikuuliza mlango wako wewe ni upi, ukanijibu kwamba miaka yako yote umekaa na mmoja tu, ule unaotoa chumvi nje ya seli za moyo ili moyo upumzike kabla ya kupiga tena. Ukasema kuna watu wanaozaliwa na mlango huo mzito, moyo wao unachelewa kupumzika, na hao wakishtuliwa ghafla, hasa kwa kelele, moyo unaweza kujikwaa. Hakuna aliyejua pale kwamba ulikuwa unatusimulia habari za nyumba yetu. Kaka Mustafa alikuwa amekaa karibu yako, anakula mahindi ya kuchoma.

Kifo chake ulisimuliwa na Baba kwenye simu, lakini Baba hakuwepo. Nilikuwepo mimi. Kaka yangu alikuwa amelala kwenye mkeka barazani baada ya chakula. Bodaboda ikapita, ikatoa mlio kama wa bunduki. Mustafa akaruka, akasimama, akaanguka. Bibi akatoka jikoni na sufuria na mwiko, akapiga magoti karibu na kichwa chake, akaanza kumwita.

Wewe unajua kuita kwetu. Mtu akizimia, roho yake haijafika mbali, kwa hiyo unamgongea sufuria sikioni kwa nguvu ili isikie nyumbani ni wapi, irudi. Bibi alifundishwa na mama yake, na nadhani hata wewe uliwahi kugongewa. Basi Mustafa akafumbua macho. Nilimwona. Akasema "Bibi." Bibi akafurahi, akazidi kugonga ili asiondoke tena. Akaondoka. Hakurudi.

Wewe ndiye uliyesisitiza tupimwe mioyo sote, na Bibi alikataa kwa muda mrefu kwa sababu alisikia ni kipimo cha umeme. Alisema mjukuu mmoja amezikwa, wa pili hatamwagiwa umeme. Mdogo wangu Shukuru alipozimia mara ya kwanza, kengele ya shule ilipogongwa karibu yake, ndipo Baba akakata shauri. Tukaenda hospitali Korogwe, mimi, Baba, Bibi na Shukuru. Hawakummwagia kitu. Walimbandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka na mistari, na daktari akaitazama kwa muda mrefu. Akatueleza maneno yaleyale uliyotueleza wewe. Akampa vidonge vya kila siku, akasema asishtuliwe, na asipewe dawa yoyote, hata ya malaria, bila kuuliza kwanza.

Halafu akauliza, "Yule kaka yake alipoanguka, mlifanyaje?" Bibi akajibu kabla ya sisi wote. "Nilimwita, baba. Nilimgongea sufuria, akafumbua macho, nikazidi kumgongea. Mimi sikumwacha."

Daktari akainamisha kichwa akaandika. Nikamtazama, naye akanitazama, na nikajua kwamba amejua. Baba alikuwa anafunga viatu vya Shukuru. Bibi alikuwa anangoja asifiwe.

Tangu siku hiyo nimekaa nalo peke yangu.

Sasa sikiliza lililotokea jana. Shukuru alikuwa anafagia uani. Lori likapiga honi barabarani, akaanguka kifudifudi kwenye vumbi. Bibi ameitundika ile sufuria ukutani, juu ya kitanda cha Shukuru, ili iwe tayari. Akaingia kuichukua. Nilimgeuza mdogo wangu ubavu, kisha nikamwahi Bibi mlangoni nikamshika mikono yote miwili. Shangazi, nilimshika mama yako kwa nguvu kama mtu anavyomshika mwizi. Akapiga kelele, "Niachie! Unataka afe kama kaka yake?" Sikumwachia. Akaniuma kidole. Nyuma yangu Shukuru akakohoa, akaketi mwenyewe, akauliza nani amemsukuma.

Bibi hajanisemesha mpaka sasa. Chakula nilichopika jana hakukigusa. Amewaambia majirani kwamba nimesomeshwa mpaka nimekuwa jiwe, nimezuia mdogo wangu asiitwe. Baba aliniita, akasema, "Maryamu, nieleze." Nikanyamaza. Ningemwelezaje? Maneno ya kunisafisha mimi ndiyo hayohayo ya kumwambia Bibi kwamba Mustafa alikuwa amerudi, na yeye akamtoa. Ana umri wa kubeba mengi, lakini hilo hatalibeba. Afadhali niwe jiwe.

Ninakuuliza wewe kwa sababu umeutazama mlango huo maisha yako yote. Je, ni sufuria iliyomuua, au angekufa tu? Nijibu kweli, kupitia kwa Angel, nami nitaitunza. Nikikosea kuwaza hivi, nitamwangukia Bibi miguuni na kumwomba radhi. Na kama Shukuru hataketi mwenyewe siku nyingine, nifanye nini? Shuleni tulionyeshwa kukandamiza kifua, lakini kwa mdoli tu.

Nina ombi moja zaidi, nalo ndilo kubwa. Mpigie Bibi. Usimtaje Mustafa. Mwambie kwamba huko kwenu mmegundua namna mpya ya kumwita mtu aliyezimia, kwamba mtoto kama Shukuru huitwa kwa jina lake, polepole, mkono ukiwa kifuani pake, na vyombo vyote viwe kimya. Mwambie bawabu ndiye anayesema. Daktari hakumsikia na mimi hatanisikia, lakini wewe alikuzaa, na anaamini kwamba si kuijua tu milango hiyo, bali unaiamuru. Ujumbe huo siyo uongo wote.

Ningependa siku moja nije kukaa kwenye kiti chako cha kazini nitazame mstari ukipanda na kushuka. Fizikia nimepata A, biolojia pia. Hayo tutazungumza wakati mwingine.

Baba, Mama na Baba Mdogo Mbaruku wanakusalimu. Shukuru anaomba picha ya theluji. Bibi hajui kwamba ninaandika, lakini asubuhi nilimsikia akikuombea dua, akikutaja jina. Mungu akulinde ugenini, na aufungue moyo wako kwetu.

Shangazi, piga kabla ya Jumanne. Jumanne narudi shule Korogwe, na sufuria bado iko ukutani, na hapa hakuna mwingine atakayemshika Bibi mikono.

Mwana wa kaka yako, akupendaye,
Maryamu