Chungu Chako Chenye Matundu

Bibi,

Shikamoo. Jana Babu alikula mlenda. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza.

Tangu tukuzike alikuwa anaukataa. Shangazi alipika, nami nikapika, na kila mara Babu alichovya tonge moja, akasogeza bakuli, akaomba maziwa. Hakulaumu mtu. Iliniuma, maana ulitaka kunifundisha, nami nikawa na haraka zangu za mjini. Ulinitania mimi mjukuu wako kwamba mke mwenza asiyejua mlenda atafukuzwa, nikacheka tu. Niliogopa umeondoka nao.

Baada ya matanga tulisafisha jiko lako. Shangazi akaona kile chungu kilichotoboka chini, akasema hiki kimekufa. Mimi ndiye niliyekibeba nikakitupa nyuma ya zizi. Kisha tukapika kwa magadi ya dukani, tukashangaa mlenda una ladha ya sabuni.

Juzi nikitafuta mayai nilimkuta tetea ameatamia ndani ya chungu hicho. Nikaona matundu yamepangwa duara, na majivu yameganda pembeni. Bibi, nilikaa chini nikalia. Kumbe ulikitoboa mwenyewe. Nikakumbuka nilipokuwa mdogo, ulivyokuwa unachoma maganda ya maharage, majivu unayatia humo, unamwagia maji, yanadondoka taratibu yakiwa na rangi ya chai, ndiyo magadi yako ya mlenda. Halafu kidole ulimini. "Yakikung'ata kidogo, yametosha. Yakikuunguza, ongeza maji."

Tetea nilimhamisha na mayai yake, akanidonoa mkono, sikujali. Nikakiosha chungu, nikachoma maganda, nikachuja majivu. Maji yaliniunguza mara mbili, nikaongeza mengine. Nikapika bila kufunika, maana kwa kufunika ulinigombeza sana.

Babu akachovya. Akachovya tena. Shangazi akaacha kutafuna akimwangalia. Mzee akalifuta bakuli kwa tonge la mwisho, akalisukuma kwangu nimwongeze, akasema, "Mke mdogo naye amejua kupika."

Tumeshinda, Bibi. Nimefurahi mpaka naona aibu. Shangazi ameomba nimfundishe, nikamwanzisha kwa kuosha kinyesi cha kuku kilichobaki ubavuni mwa chungu.

Chungu kimerudi kwenye kona yake karibu na mafiga. Mtoto yeyote wa nyumba hii atakayekiita kibovu, nitamkalisha hapo aonje maji kwa kidole chake mpaka ulimi wake uyajue. Nakuahidi. Pumzika sasa, mzee wako ameshiba.

Ni mimi,
mke mwenzako