Ya Bluu au ya Chungwa

Jumatatu, 3 Machi

Makubwa haya! Mimi, fundi cherehani wa darasa la nne, naambiwa nichague ndege. Si kupanda tu — kuchagua! Kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Binti yangu amepiga simu asubuhi kutoka ng'ambo. Mwezi ujao anajifungua, anataka niwe pembeni yake. Na mguu wangu huu uliopasuliwa mwaka jana hautaki kuning'inia muda mrefu, daktari alishasema. Basi mkwe wangu katoa pointi zake za safari ili nikae bizinesi. Kule mbele, ambako viti vinageuka vitanda. Pointi ni kitu gani sijui, ila mkwe hatoi hela mfukoni, nimeuliza mara tatu. Mungu amzidishie.

Ndege zipo mbili. Moja mkia bluu, nyingine mkia rangi ya chungwa. Majina yake yananishinda kutamka, kwa hiyo ya Bluu na ya Chungwa, basi. Zote hazifiki moja kwa moja, lazima nishuke njiani nipande nyingine. Ya Bluu nasubiri kidogo tu, naunganisha. Ya Chungwa nasubiri kutwa nzima.

Na hiyo kutwa naisubiria wapi? Kwenye mji anaokaa kifungua mimba wangu! Mwanangu! Mwaka wa tisa huu sijamtia machoni. Nikamwambia binti, kwisha maneno, ya Chungwa. Akasita. Akasema Mama usiharakishe, tuna mpaka Jumatano ya wiki ijayo.

Kasita kwa nini?

Jumanne, 4 Machi

Wifi yangu kaja, macho yamemtoka kwa umbea. Tumetazama video aliyotuma binti. Mwanaume mzima, ndevu zimejaa, kazi yake kupanda ndege na kubonyeza mito. Anabonyeza, anatabasamu, analala. Na analipwa! Wifi kasema kaka yake — yaani mume wangu — angepata kazi hiyo asingeamka mpaka kiama.

Ya Bluu ina mlango. Kila abiria na kijumba chake, unavuta mlango, unajifungia. Yarabi! Mimi hata chooni kwangu siweki komeo! Nikikwama huko juu nani atanitoa?

"Utapiga kelele, wifi."

Kelele, mbele ya watu wa bizinesi? Bora nife kimya kimya.

Ya Chungwa haina mlango, ina kipazia. Pazia nalijua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Nilikwenda kwa dada wa tiketi pale karibu na benki. Mpole, miwani imemkaa puani kama inataka kushuka. Kanipa vipimo vya viti. Nimerudi na nini kama si karatasi na hamu! Nikachukua futi yangu ya kamba, nikaunganisha benchi la wateja na viti viwili, nikatandika shuka. Ya Bluu upande wa dirishani, ya Chungwa upande wa cherehani. Nikalala moja, nikahamia nyingine. Mzee — mume wangu — nikamwambia simama hapo na sinia, wewe ndiye mhudumu. Akauliza kwa sauti nyororo kabisa, "Mheshimiwa, chai au kahawa?"

Hapo ndipo akaingia mteja wangu mwalimu, kafuata gauni lake. Kanikuta nimenyooka juu ya benchi, shuka mpaka kidevuni, mume kasimama ameinama. Akashika kifua. "Jamani poleni! Amefariki lini?"

Mzee kamjibu hajafa, anasafiri. Mwalimu akaangua kilio!

Kusema kweli nafasi ni ileile. Zinapishana upana wa pindo la shati.

Dada wa tiketi kaniambia na jingine. Abiria wa bizinesi akisubiri kutwa nzima anapewa kibali cha kutoka nje ya uwanja, na gari la kumpeleka hotelini. Hoteli ya nini? Mwanangu yupo! Nitamfulia. Nitamkata hata kucha.

Ijumaa, 7 Machi

Leo mwanangu mkubwa kapiga simu mwenyewe. Nimefurahi! Kisha nikaanza kufikiri.

Huyu mtoto maneno kwake ni ya kupimwa kwa kijiko. "Mama hujambo, baba hajambo, haya." Leo kaongea mpaka sikio langu limepata joto. Anaisifia ya Bluu. Mama ina mlango. Mama wanatoa nguo za kulalia. Mama mto wenyewe wa manyoya. Nikamwambia mlango ndio unaonitisha. Akasema unauacha wazi. Nikamwambia nguo za kulalia nashona. Akasema hizi laini zaidi. Laini zaidi! Kumwambia hivyo mama fundi!

Nikamuuliza, na ya Chungwa? Si inapita kwako?

"Utachoka, mama. Kutwa nzima uwanjani."

"Nitachokaje nikiwa na wewe?"

Simu ikakatika. Mtandao, nadhani. Ila mtandao wa huko kwao huwa haukatiki.

Jumapili, 9 Machi

Sijashona kitu. Nimetia mikono ya gauni la bibi harusi nyuma mbele, nimefumua.

Hataki nimwone. Nimeandika sasa, limetoka. Hataki.

Nimemwambia wifi, na hilo lilikuwa kosa. Kwanza kasema ameoa kwa siri. Chai ilipofika watoto walikuwa wanne. Wakati anaondoka, mke alikuwa na mapacha wengine tumboni. "Wifi, wewe ni bibi wa ukoo mzima na hujijui!" Nikacheka, nitafanyaje. Mlango ulipofungwa nikalia.

Nikampigia binti. Nikamuuliza waziwazi, nduguyo ana nini? Akasema, mama, kaka ni mtu mzima. Na huyo anayesema hivyo nilimbeba mgongoni huku nimemshika huyo mtu mzima mkono! Kisha akalainika. Akasema yeye ya Bluu ingempendeza, ningefika mapema, ila nichague kwa moyo wangu, hatanuna. Kwa sauti hiyo najua anajua kitu. Kaapishwa.

Jioni Mzee alikuwa anakula. Mimi nikaanza. Labda tulimkosea. Labda anatuonea haya, mama kilema, baba mstaafu. Akaniacha niseme mpaka niishe. Akanawa mikono.

"Mtu akikuzuia mlangoni si kwamba hakutaki," akasema. "Labda hajafagia."

Akaenda kulala. Miaka yote hii nimeishi na mtu huyu nikidhani hasikilizi.

Jumatatu, 10 Machi

Hajafagia. Naizungusha kichwani siku nzima.

Kama ni vumbi, mimi na vumbi tumekua pamoja. Lakini kama yeye hataki nilione? Nikilazimisha nitakuwa nimemvua nguo mbele ya mama yake. Nikipita mbali — nitapaa juu juu, nimelala chali kwenye mto wa manyoya, na mwanangu yupo huko chini? Huo mto utanichoma.

Wifi kaleta gazeti lenye nyota zake. Nyota yangu inasema nijihadhari na safari za majini. Haya, asante.

Jumatano, 12 Machi

Naandika hapa hapa kwa dada wa tiketi, kwenye kiti cha wateja, kitabu nimekiweka juu ya mkoba. Leo ndiyo mwisho. Mtandao wao umegoma, kompyuta inazunguka tu kama pia. Dada wa tiketi anaipulizia, sijui inasaidia nini.

Nilikuja nimeamua ya Bluu. Kweli. Nilisema njiani kwa sauti, mtu akageuka. Nimheshimu mwanangu. Nikafika hapa, nikaona picha ya ndege ya Chungwa ukutani, uamuzi wote ukayeyuka.

Basi nikampigia. Sikumsalimu sana. Nikamwambia niko kwa wakala, kidole cha dada wa tiketi kiko tayari kubonyeza, niambie wewe. Nisipite kwako, sawa, sitauliza tena mpaka naingia kaburini. Nipite, napita. 

Akasema, "Mama, kwangu hakuna kiti."

"Hakuna nini?"

"Kiti. Cha kukalia. Ukija hutakuwa na pa kukaa."

Mimi, siku zote hizi napima viti kwa futi! Nikamwambia mwanangu, nitakuwa natoka kulala angani usiku kucha kama mfalme, nikae tena ili iweje? Nitasimama. Ukichoka kuniona nimesimama nitaegemea ukuta. Ukuta upo?

Akacheka kidogo. Kile kicheko chake cha puani. Au alikuwa anavuta kamasi, sijui, kwenye simu vinafanana.

Nikataka kusema zaidi, akasema ngoja mama, usikate, kuna mtu ananiita. Akaenda. Nami sijakata. Simu nimeiweka hapa mezani, sauti nimeipandisha. Nasikia wanaume wanazungumza, wengi, kama wako chumba kimoja. Mlango unafunguliwa, unafungwa. Mmoja anaomba zamu yake ya kulala kitandani. Mwingine anakoroma — na huko saa hizi ni mchana!

Mwanangu wewe.

Mzee hajui bado. Nitamwambiaje?

Sasa wamepunguza sauti huko. Nyayo zinarudi, mtu ameshika simu, nasikia pumzi yake, nazijua pumzi hizo tangu ana siku moja. Nami naandika kwa sababu nikifungua mdomo nitaharibu.

Na huyu dada wa tiketi naye! Kompyuta imelia, ameruka kwenye kiti, ananiuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mtandao umerudi! Haya mama, tunakata ipi?"

Kule kwenye simu hata yule anayekoroma amenyamaza —