Kashindi Hakuungua

Cibitoke, Bujumbura

Mama yangu mzazi,

Kabla ya salamu, pokea hili kwanza: Kashindi ni mzima. Hakuungua, hakulazwa hospitali, hata kidole hakikuchubuka. Ninapoandika yuko uani amevua shati, anafua nguo zake za kazi na kulalamika kwamba sabuni ya huku haitoi povu. Sasa pumua, halafu tusalimiane.

U hali gani, Mama? Tansio, hiyo presha yako, imeshuka? Na lile goti, bado linakusumbua ukipanda kwenda kanisani? Mdogo wangu Nyota aliniambia kwamba tangu wauza samaki wakuletee ile habari ya mtoto wako kulipukiwa na gari, unagusa ugali tu na kuuacha. Nilijaribu kukueleza kwa simu, lakini mtandao ulikuwa unakatika kila nikifika penye maana. Ndiyo sababu nimeandika, Nyota akusomee polepole. Barua anakuletea Mama Sifa, jirani yetu, anakuja Kalemie kwa boti.

Sisi tunaendelea. Bado nafunga umeme wa magari pale garaji ya mzee Merikiori. Wateja wamepungua kwa sababu esansi ya kutia kwenye magari ni ya kutafuta, watu wanapanga foleni mpaka wanafahamiana kama ndugu. Na katika mji wa namna hiyo, mwanao ndiye aliyeamua kununua gari ya mbio.

Ni gari ndogo nyekundu, kuukuu, aliyoipata kwa dereva mwenzake wa teksi. Ilikuja pamoja na chupa ya nitro. Mama, nitro ni gazi. Inakaa kwenye chupa ya chuma kama ile ya kupikia, ila nyembamba. Yenyewe haiwaki, lakini ikiingia kwenye injini, moto wa esansi unapata nguvu na gari inaruka kama punda aliyechapwa. Kashindi alikwenda mtaa wa Asiatique, akapata mtu wa kumjazia. Akarudi garaji amefurahi, chupa imelala nyuma ya viti, inabingirika kila anapokata kona.

"Faida, nifungie leo," akaniambia. "Weka kibonyezo kwenye usukani, basi. Jumapili kuna mbio."

Mzee Merikiori alikuwa chini ya lori. Alitoka akijipangusa mikono. Huyu mzee alitengeneza magari ya mbio miaka mingi huko Kampala, na anayafahamu hayo mambo.

"Apana," alisema. "Kibonyezo kwenye usukani, utakigusa siku gari iko polepole, moto utarudi nyuma upasue njia ya hewa. Swichi inakaa chini ya pedali. Gazi itoke tu wakati umekanyaga mpaka mwisho na injini inazunguka mbio. Na esansi iongezeke pamoja na gazi. Ukiipa gazi bila kuiongezea esansi, pistoni zitayeyuka kama mushumaa."

Kashindi alikubali hayo shingo upande. Kilichomkasirisha ni bomba. Mzee alisema chupa ina kifuniko chembamba cha usalama, kinachopasuka kabla ya chupa yenyewe kupasuka, na kwamba pale lazima ifungwe bomba la kutoa gazi nje, chini ya gari.

"Unataka kutoboa gari yangu?"

"Gari inazibwa, mwanangu. Mutu hazibwi."

Kashindi akanigeukia mimi, akitumaini dada yake atamtetea. Nikamwambia sigusi waya hata mmoja mpaka bomba liwekwe. Basi mzee akaifunga chupa kwa mikanda ya chuma, akatoboa sakafu, akapitisha bomba. Ikafika Jumamosi jioni, waya zangu bado. Mbio zikampita. Alininunia, Mama. Alikula chakula changu huku akizungumza na sufuria.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, tulialikwa Kanyosha kwa kina Odette, yule binti anayechumbiwa na Kashindi, niliyekuambia habari zake. Nilikwenda kwa sababu mtu haendi ukweni peke yake, na wewe uko mbali. Gari tuliiacha mbele ya nyumba, juani. Tulikula wali, maharage na samaki wa mukeke, tukakaa sana. Baba yake Odette ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Mwishowe alisema anataka kuiona hiyo gari. Akaingia mbele, Kashindi akakaa kwenye usukani, wakapandisha vioo kwa ajili ya vumbi.

Mimi na Odette tulikuwa tunaosha sahani. Tukasikia kishindo, halafu mvumo kama tairi la lori limepasuka lakini haliishi kutoa upepo. Wingu jeupe likafumka chini ya gari, likaimeza mpaka kwenye madirisha. Majirani wakakimbia wakisema moto, moto. Nilidondosha sahani. Sikuona gari, sikuona mtu, Mama, na kwa kitambo kile niliamini nimeshawazika wote wawili.

Kisha nikaona mgongo wa Kashindi. Alikuwa amezunguka upande wa pili, anamtoa mzee wa watu kwa kumkumbatia kiunoni kama mgonjwa. Akamvuta mpaka ng'ambo ya barabara, kule upepo ulikotokea. Mzee alikuwa amepoteza kiatu kimoja.

Mvumo ukaisha. Hapakuwa na moto. Nilichungulia chini ya gari: majani pale kwenye mdomo wa bomba yalikuwa yameganda, meupe kama yamemwagiwa chumvi. Yule mtu wa Asiatique alijaza chupa kupita kiasi, jua likamalizia. Bila bomba, gazi yote ingemwagika ndani, vioo vimefungwa. Ingewanyima pumzi kabla hawajaushika mlango.

Kashindi alichuchumaa, akalitazama lile bomba. "Ingetokea ndani," alisema. Akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike Baba.

Baba yake Odette aliomba maji, akanywa, akajikung'uta suruali. Nilijua uchumba umekufa.

"Nani alitoboa chini ya gari?" akauliza.

"Patroni wa dada yangu, kule garaji anakofanya kazi. Mi nilikataa, mzee."

"Sasa mbona ukakubali?"

"Dada aligoma kufunga waya."

Mzee alinitazama, akamtazama yeye. "Basi we uko na watu wa kukukataza, na unawasikiaka. Vijana wengi hawana hata mumoja." Akaenda kutafuta kiatu chake.

Baadaye mzee Merikiori alibadilisha kile kifuniko. Chupa sasa inajazwa kwa kupimwa uzito kwenye mizani ya muuza mchele, haiachwi juani, na haifunguliwi mpaka siku ya mbio. Waya nimezimaliza. Jumamosi iliyopita barabara ilifungwa kwa ajili ya mbio, Kashindi akashindana, akawa wa nne. Mimi sikuangalia nafasi. Niliangalia mlango ukifunguka, akashuka anatembea.

Msalimie Baba Mdogo, yeye ndiye atakayetusemea huku, maana baba yake Odette ametuma neno kwamba wakubwa wetu waje. Msalimie shangazi muuza mikate, na mchungaji aliyekesha akituombea kwa habari ambayo haikuwa ya kweli. Nyota nimemwekea kitenge kwenye mfuko wa Mama Sifa.

Na wewe, Mama, meza dawa zako, ule, upate nguvu ya safari. Mzee wa Kanyosha amesema mahari itazungumzwa na wanaume, lakini kwanza anataka kumwona mwanamke aliyetuzaa.

Ni mimi binti yako anayelala usingizi tena,
Faida