Sinia la Harusi ya Mama Kaliza

Kabeza, Kigali

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua, na kwamba huko Ngara mvua imeyatosha maharage. Mimi ni mzima, nazidi kunenepa, na kabla hujauliza: bado sijaoa.

Kazi yangu ya kufundisha kurusha kisahani inanipa raha. Nina msichana mmoja, Kaliza wa Batsinda, ana miguu myepesi ajabu, ila alikuwa na kasoro moja. Akizunguka ndani ya duara, mkono ulitangulia kiuno na kisahani kikaishia kwenye wavu wa pembeni. Nilimwambia mkono ubaki nyuma, uvutwe na kiuno, hakuelewa. Basi nikamshauri achukue sinia nyumbani, azunguke nalo polepole, asiliachie.

Mama, aliliachia.

Kesho yake mama yake, Nyirahabimana, alitinga uwanjani na sinia lililojikunja. "Kocha, hii sinia iko ya harusi yangu!" Akaapa kwamba binti yake hatarusha tena hata kijiko, na mashindano yalikuwa Jumamosi. Kaliza akapiga magoti, akakiri kwamba nilimkataza, ila kwa mara ya kwanza alihisi mkono umebaki nyuma, akashindwa kujizuia. Mama yake akamtazama, akauliza lilifika wapi. Kaliza akasema lilitoka mlangoni kwao likagonga ukuta wa jirani wa tatu. Yule mama alicheka hadi akafuta machozi, akamruhusu. Jumamosi Kaliza alishika nafasi ya pili, na mama yake alilipiga lile sinia bovu kama ngoma.

Nilifurahi sana, lakini niliona aibu pia. Mtoto wa miaka kumi na sita alikiri kwa siku moja, mimi nimenyamaza miaka ishirini. Lile sinia lako la maua ya bluu, uliloamini kwamba jirani yetu Mama Gwiza aliliiba siku ya ubatizo wa mdogo wangu Kenny, mkaacha kusalimiana: ni mimi. Nililizungusha nyuma ya nyumba, likapaa, likatumbukia chooni. Nisamehe, Mama. Lilipaa vizuri, sikufichi.

Jumapili ijayo nakuja na masinia mawili mapya. Moja ni lako. La pili tutampelekea Mama Gwiza, na atakayepiga magoti ni mimi.

Nisalimie Kenny. Na ukikutana na Mama Gwiza kanisani, usingoje nifike, msalimie.

Mwanao akupendaye,
Zephaniah