Kopo la Maharage na Kilo ya Nanasi Kavu

Nyakasimbi, Karagwe
9 Juni 2025

Mpendwa dada Nikuze,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu na baridi ya Norwei imeanza kukuachia. Huku sote wazima. Maharage yamevunwa na yako uani yanaanikwa.

Umeuliza keki ya harusi imefikia wapi. Nitakueleza kwa mpangilio, maana ilikaribia kutushinda.

Novath wa kaka Yusto anamwoa Kemigisha wa Nyakakika tarehe 12 Julai. Adela, mdogo wake Novath, aliomba keki aioke yeye, kwa maelekezo uliyomtumia, ila badala ya zabibu atumie nanasi na ndizi ambazo mama yake, wifi yako Mukantabana, anazikausha nyumbani. Kamati ya harusi ilisita. Mwenyekiti, mzee Clavery, alitaka keki iagizwe Bukoba. Wakakubaliana Adela aoke ya kuonjwa kwanza, na akishindwa, iagizwe.

Ile ya kwanza ilishindwa. Iliumuka vizuri, lakini matunda yalikuwa ya kutafutwa. Clavery alitafuna vipande viwili, akauliza, "Adela mwanangu, haya mananasi yamegombana? Naona kila moja limehamia kijiji chake." Kamati ikacheka. Adela alikusanya sahani akaondoka, na siku ile hakula. Walimpa nafasi moja zaidi kwa heshima ya mama yake.

Kesho yake nilikwenda jikoni kuuliza nani alipima nini. Unga ulitoka kwenye paketi ya kilo, haukuwa na tatizo. Kilo ya matunda uliyoelekeza aliipima Mukantabana kwa kopo lake la kuuzia maharage. Kopo hilo likijaa ni kilo, kila mtu sokoni anajua.

"Shemeji, kilo ni kilo," aliniambia. "Kopo hili limenisomeshea watoto."

Sikubishana. Tulibeba kopo, kikombe cha chai, maharage na mifuko ya nanasi na ndizi kavu, tukaenda watatu hadi duka moja lenye mizani pale Ndama. Kopo la maharage lilikuwa kilo moja, pungufu kidogo sana. Kopo la nanasi, kwa vile vipande virefu jinsi vilivyotoka kukaushwa, lilikuwa gramu mia nne na hamsini. Mukantabana aliomba lipimwe tena. Likatoka vilevile.

"Basi aliyemwaibisha mtoto ni mimi," akasema.

Adela aliazima kisu, akakatakata nanasi vipande vidogo, akapima kilo kamili, kisha akaimimina kwa kikombe cha chai bila kushindilia. Vikatimia vikombe saba na nusu. Ndizi kavu zinanata na kushikana, kwa hiyo kilo yake ilijaa vikombe sita tu. Kumbe kila tunda lina kipimo chake, na ni lazima likatwe kabla ya kupimwa. Ameviandika vipimo hivyo kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, na sasa anaoka bila mizani.

Jana baada ya misa kamati ilionja keki ya pili. Clavery alikula kipande, akaivuta sahani karibu naye. Mukantabana alikuwa amesimama mlangoni, ncha ya kanga mdomoni. Kisha mzee akamwambia katibu, "Futa Bukoba."

Katibu akauliza aandike nani.

"Andika Adela. Amekua mbele ya macho yako, unauliza nini?"

Wageni watakuwa mia mbili. Adela amepiga hesabu: kilo nane za matunda makavu, yaani vikombe hamsini na sita, nanasi nyingi na ndizi kiasi. Leo alfajiri Mukantabana alikuwa ameshaanza kumenya.

Msalimie shemeji Adelard na mwanetu Ainembabazi. Kaka Yusto na maharusi wanakusalimu sana. Mungu awape safari nyepesi, mfike mapema, maana mikono ya kukata nanasi haitoshi.

Mdogo wako akupendaye,
Anastazi