Mashimo Tuliyoyaacha Wazi

Chiungutwa,
Masasi.
11 Novemba 2023.

Mpendwa mwanangu Priska,

Marahaba, maana najua hapo ulipo umeshaniamkia. U mzima? Kifua kimepona huko Morogoro? Sisi tunaamka. Baba yako mguu unamsumbua, lakini shambani anakwenda. Simu nimepiga mpaka nimechoka, hupokei, ndiyo maana nakuandikia.

Mwanangu, msitu umefungwa. Wanawake wote tumezuiwa kuchimba ming'oko, hata mzizi mmoja wa kuwachemshia watoto. Karatasi iliyosomwa kwa mtendaji inasema utafiti wenu umeona tunaharibu ardhi, na picha zipo. Mashimo, mashimo, mashimo.

Priska, hayo mashimo unayajua. Siku ile ulipoleta wageni wako wa utafiti uliniambia, "Mama, waambie wenzako wasiogope, hawa wanatafuta njia ya kutusaidia." Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba. Tukasema mgeni haonyeshwi kitu kilichofunikwa. Tukachimba mengi, tukayaacha wazi wayaone vizuri, wapige picha zao. Walipoondoka tulirudi tukafukia yote kama siku zote, kichwa cha mmea kimo ndani, kichipue tena. Wewe nilikufundisha kufukia ukiwa na miaka sita! Karatasi ile iliandikwa ukiiona, ukanyamaza. Na jina lako limo.

Wageni siwalaumu sana, hawajui. Lakini wewe, ming'oko ndiyo iliyokulea mwaka ule mikorosho ilipokataa kuzaa.

Sasa chakula ghalani kinakwisha, na wenzangu hawanipitii tena wakienda bombani. Juzi Mama Mahmudu, unaujua mdomo wake, kanisimamisha njiani: "Mama Priska, hebu tuambie, mwanao tulimchangia shule akajifunze kutuchongea?" Wenzake wakacheka.

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi tarehe ishirini na tano. Njoo usimame mbele yao, useme unachokijua, na karatasi ile irekebishwe. Usipokuja nitasimama mimi, nitasema kweli, kwamba mwanangu alijua akanyamaza. Itaniuma kuliko uchungu wa kukuzaa, lakini nitasema.

Baba yako anakusalimu, na shangazi yako Ethel, na mdogo wako Joel. Mungu akufungulie njia, na kinywa pia.

Akupendaye hata sasa,
mama yako, Anastasia.