Ua la Parachichi Hufunguka Mara Mbili

Jumanne, katikati ya Septemba. Jua limewaka tangu asubuhi hapa Karurumo, hakuna wingu hata upande wa mlima, na moyo wangu ni mzito kama gunia lililonyeshewa.

Niandike upesi kabla sijaanza kujitetea.

Miaka minne iliyopita, baada ya ibada, nilisimama mbele ya familia kumi na tano za kikundi chetu cha wakulima nikawaambia wakate miti yao ya parachichi ya aina ya Fuerte. Wanunuzi walitaka Hass, parachichi lile linalogeuka jeusi likiiva na lisiloharibika upesi safarini. Nikawaonyesha jinsi ya kukata shina na kupandikiza vijiti vya Hass juu yake. Nikasema ile miti ya kienyeji nayo iondolewe, kwani inakula nafasi bure. Walinitii kwa sababu nilifundisha baiolojia miaka thelathini na mmoja, na baadhi yao niliwafundisha mimi mwenyewe. Hakuna aliyeuliza swali.

Miti ilishika vizuri. Msimu wa kwanza ilizaa kidogo, na sasa najua ni kwa nini: Mzee Ireri, jirani aliyekuwa mzito wa kuamua, alikuwa bado na Fuerte mbili kwenye mpaka wa shamba lake. Mimi ndiye niliyemwendea mara tatu nikamhimiza amalize kazi.

Alimaliza. Tangu hapo tunaona maua tu.

Mwaka jana nilishuku. Niliwaambia ni baridi inayoyaangusha.

Jana Mama Njagi alinipigia simu. Ni mjane, tumekaa naye benchi moja kanisani kwa miaka mingi, na shamba lake lote ni nusu ekari yenye miti kumi na miwili ya Hass. Mwanawe Njagi, mtu mzima mwenye watoto wake, alikuwa amesema kwamba hatangoja maua yaanguke tena msimu huu, atakuja na msumeno wa injini, akate kila kitu, apande muguka, ile miraa ya majani ya kutafuna. Mama yake alikuwa hajakubali. "Njoo uone, Mwalimu," akasema. "Maua ni mengi kuliko majani. Wewe ukiniambia ningoje, nitangoja."

Nilikwenda na lenzi yangu ya mkononi na uzi mwekundu. Jana saa tatu asubuhi maua yalikuwa wazi. Nikafunga uzi kwenye vishada kadhaa, nikanyofoa ua moja na kumpa lenzi. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Naona kitu kimesimama katikati kama mshumaa," akasema.

"Huyo ndiye mama."

Nikamweleza, maana kueleza ni ugonjwa wangu. Juu kabisa ni stigma, ile ncha nyeupe inayong'aa, inayonata kidogo ili kunasa chavua. Chini yake ni shingo nyembamba, ambayo vitabu huiita staili. Chini kabisa, mahali panapovimba, ndipo ovari, na ndani ya ovari ya parachichi kuna ovuli moja tu. Moja, si mia kama papai. Chavua ikitua juu, huotesha mrija mwembamba unaoshuka ndani ya shingo hadi kwenye ile ovuli. Ikifika, ovuli inakuwa mbegu na ovari inakuwa tunda. Isipofika, ua linaanguka, na mti haulii.

"Na wanaume wako wapi?"

"Ni vile vijiti vya kandokando. Saa hii wamelala chini, hawana chavua."

"Kama wa Karurumo," akasema, akacheka mpaka ndoo ikayumba.

Kufikia saa sita maua yote yalikuwa yamejifunga. Leo asubuhi yale yenye uzi hayakufunguka. Yalifunguka mengine mapya, ya kike vilevile. Saa nane mchana ndipo yale ya jana yakafunguka mara ya pili. Nilijua nitakachokiona. Vijiti vilikuwa vimesimama vikitoa chavua ya manjano, na katikati stigma ilikuwa imekauka, kahawia, kama utambi uliokwisha kuzimwa.

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikata hibiskasi ya uzio wa shule kwa wembe, nikachora ubaoni ovari, staili na stigma. Hibiskasi ni ua la mwalimu: kila kitu ni kikubwa, kila kitu kiko wazi kwa wakati mmoja. Mtihani uliuliza sehemu, haukuuliza saa. Hili la parachichi lilitajwa chuoni siku moja. Niliandika daftarini, nikafaulu, nikaliacha humo.

Mama Njagi aliangalia kwa lenzi kwa muda mrefu. "Kwa hivyo asubuhi ni wanawake watupu, na mchana ni wanaume watupu."

"Hass zote, ndiyo. Zote hufuata saa ile ile."

"Wanapishana mlangoni. Na ile Fuerte?"

Ndilo swali nililokuwa nikiliogopa tangu mwaka jana. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza tena kusema ni baridi, au ni dawa zinazoua nyuki, na nusu ingekuwa kweli, kwa kuwa nyuki wamepungua pia.

Nikamwambia. Fuerte hufanya kinyume. Asubuhi, wakati mama wa Hass anangoja, Fuerte ndiyo huwa na chavua. Zikiwa jirani na nyuki wakiwepo, kila mmoja humhudumia mwenzake. Kuna mahali Hass peke yake huzaa kiasi, lakini hapa kwetu haikuzaa.

"Ile tuliyokata," akasema.

"Ndiyo."

"Uliyotuambia tukate."

"Ndiyo, Mama Njagi."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

Saa kumi Njagi alifika na wanaume wawili na ule msumeno. Nilimweleza upya, haraka, kama mwanafunzi anayejaribu kujaza karatasi kengele ikilia. Kwamba si lazima akate miti. Kwamba kila mti unaweza kupandikizwa tawi moja la Fuerte, ukajihudumia wenyewe. Alinisikiliza kwa adabu. Nilimfundisha kidato cha pili, na hakuwa mjinga.

"Hilo tawi litatoa maua lini, Mwalimu?"

"Baada ya miaka miwili. Labda mitatu."

"Na vijiti tutatoa wapi? Kuna mtu huku kwetu bado ana Fuerte?"

Alijua jibu, na alijua kwamba najua.

"Au utapanda ngazi na brashi, upeleke chavua nyumba kwa nyumba?" Wenzake wakacheka. Kisha akasema polepole, bila ubaya, "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini mama amengoja miaka minne. Sogea kidogo, usije ukaumia."

Nilimtazama Mama Njagi. Jana alikuwa bado anakataa. Leo aliitikia kwa kichwa tu.

Hilo ndilo linalonitafuna jioni hii. Ningedanganya, angengoja msimu mmoja zaidi. Nilikaa kimya wakati kusema kungeokoa kitu, kisha nikasema siku ambayo maneno yangu yangeweza tu kumaliza ubishi. Mti wa kwanza ulianguka na maua yake yote. Sikungoja wa pili, lakini niliusikia nikiwa njiani, na wa tatu, na wa nne.

Saa kumi na mbili simu ililia. Mama Njagi. Nilidhani sasa amepata maneno yake, nikaketi chini niyapokee.

"Mwalimu, nikuulize. Hii muguka nayo ina mama na baba wanaopishana? Niambie mapema, nisije nikakosea tena."

"Hapana," nikasema. "Muguka huchumwa majani machanga. Ua lake halina kazi kwa mkulima."

"Hata lisiposhika?"

"Hata lisiposhika."

"Basi hiyo haiwezi kunishinda," akasema, kisha akanishukuru. Alinishukuru kweli, kama walivyonishukuru wote siku ile baada ya ibada.

Bado ananiuliza mimi. Hajui mtu mwingine wa kuuliza.

Jumapili nitasimama niwaambie wale wengine kumi na wanne, na sioni nitakachowapa baada ya kuwaambia. Vijiti vya Fuerte nitavitafuta Runyenjes, nitavitafuta hata Meru, ila siamini kwamba kuna atakayengoja miaka mitatu mingine kwa neno langu. Mimi mwenyewe nisingengoja.

Na kesho, jua likiwaka hivi, maua ya Hass yatafunguka kwenye mashamba yote ya hapa, yangu yakiwemo. Saa tatu asubuhi, yote kwa pamoja. Saa sita yatajifunga.